UZI: Bhagavad Gita inasema nini hasa? Tuanze na Arjuna kukaa chini katikati ya vita

Mpiga Kasia (mwanzisha uzi):

Wakuu habari za jioni. Kuna kale kamstari kanazunguka sana kwenye status za watu, "fanya kazi yako, matokeo mwachie Mungu", chini wameandika Bhagavad Gita (kitabu kitakatifu cha Wahindu) na kapicha ka mungu wao Krishna wa rangi ya bluu anapiga filimbi. Sasa mimi nasema hivi, mstari kama huo upo kweli, sura ya 2 aya ya 47, ila kwa namna unavyozungushwa umeshang'olewa meno yote, kwa sababu aliyeambiwa maneno yale hakuwa mtu aliyenyimwa promosheni kazini wala dogo anayesubiri matokeo ya form four, alikuwa mpiga upinde anayetakiwa kuwarushia mishale babu yake na mwalimu wake. Ukiuchomoa hapo unabaki na maneno mazuri tu ya kuandika kwenye fulana.

Kwa wasioijua stori nawapa kwa haraka maana bila stori hamtoelewa kitu. Gita ni kipande cha Mahabharata, ule utenzi mrefu ajabu wa India ya kale, iko kwenye kitabu cha 6 cha utenzi wenyewe, ina sura 18 na aya kama 700. Ni ndogo, unaimaliza jumapili moja ukiwa huna wageni. Ugomvi ni wa ndugu: Pandava watano upande mmoja (Arjuna wetu ni mmoja wao), Kaurava mia moja upande wa pili, watoto wa baba mdogo na baba mkubwa. Duryodhana, mkubwa wa Kaurava, alikuwa na wivu wa kutisha, akawaalika wenzake kwenye dadu, mchezo wenyewe umepangwa. Yudhishthira kaka mkubwa wa Pandava akacheza mali ikaenda, akacheza ufalme ukaenda, akawacheza wadogo zake wakaenda, akajicheza mwenyewe, mwisho akamcheza mke wao Draupadi (ndio, mke mmoja waume watano, hilo lina uzi wake siku nyingine). Dada wa watu akaburutwa kwa nywele hadi ukumbini mbele ya wazee, na wazee pale, babu Bhishma akiwemo, mwalimu Drona akiwemo, karibu wote wakakaa bila kunyanyuka. Hapo pakumbukeni maana ndio hao hao Arjuna atakuja kuwaonea huruma baadae.

Basi wakapelekwa uhamishoni miaka 13, 12 msituni na mmoja wa kujificha wasijulikane. Wanarudi kudai chao wanaambiwa hakuna. Krishna akaenda kusuluhisha, wakashusha madai mpaka vijiji vitano tu, kijiji kimoja kila ndugu, Duryodhana akajibu hata udongo wa kukaa kwenye ncha ya sindano hawapati. Vita ikawa haina namna. Halafu kuna kitu kitamu hapa, kabla ya vita Duryodhana na Arjuna wote walimfuata Krishna kuomba msaada, akawaambia chagueni, mmoja achukue jeshi langu lote, mwingine anichukue mimi peke yangu na sitashika silaha. Arjuna akamchagua mtu asiye na silaha, Duryodhana akaondoka na jeshi anachekelea. Ndio maana Krishna yupo pale kama dereva wa gari la farasi la Arjuna.

Uwanja ni Kurukshetra, leo ni jimbo la Haryana, kaskazini mwa Delhi. Majeshi yamepangwa, Arjuna anamwambia dereva wake nisogeze katikati niwaone. Anasogezwa. Anaona babu, mwalimu, wajomba, binamu, rafiki. Sura ya 1 inaeleza mwili wake unavyofanya: miguu inakosa nguvu, mdomo mkavu, ngozi inawaka moto, nywele zinasimama, upinde unamteleza mkononi. Anasema ufalme wa nini kama wale tunaoutafutia ndio tunawaua? Anaweka upinde chini, anakaa, anasema sipigani.

Sasa wengi wanaoelezea Gita wanamfanya Arjuna mwoga. Mimi sikubali kabisa. Huyu alikuwa mpiga upinde namba moja, kifo hakikuwa kinamtisha. Hoja zake zina uzito, na Krishna mwenyewe hazijibu zote, nyingine anazipita tu. Kitabu kinaanza na mtu mwenye akili timamu ambaye njia zote mbili zinamchoma, akipigana ana damu ya ndugu, asipopigana ule udhalimu wa ukumbini unapita bure. Mafundisho yote yanatoka kwenye huo mkwamo. Naendelea kesho, kama kuna maswali tupieni.

Kijana wa Likoni:

Nimekaa paleee nasubiri muendelezo. Ila mkuu swali la haraka, kwa hiyo Mungu wao kamwambia mtu aue babu yake? Mbona hii ni jihadi ya Kihindi tu, alafu sisi ndio tunasemwa.

Dada wa Kinondoni:

Mimi stori nimeipenda ila nataka mtu anielekeze inamsaidia nini mtu mwenye stresi za kawaida, kodi ya nyumba, bosi mkorofi, sina babu wa kumpiga mishale 😂

Mpiga Kasia:

Kijana wa Likoni hilo swali lako ndio swali lenyewe, na watu wanagombana nalo mpaka kesho. Chukua Gandhi. Aliisoma mara ya kwanza London akiwa mwanafunzi wa sheria, kwa Kiingereza tena, tafsiri ya Edwin Arnold, yeye Mhindi mzima anaona aibu kusema hajawahi kuisoma. Mwaka 1893 akapanda meli kwenda Afrika Kusini, meli ikapita huku huku kwetu, Lamu, Mombasa, Unguja. Alipofika Johannesburg akawa anabandika vikaratasi vya aya ukutani, anazikariri asubuhi akipiga mswaki, akafika sura 13 kichwani. Huyo huyo ndiye baba wa kutopigana. Ukimuuliza anakwambia Kurukshetra ni moyo wa mtu, Kaurava ni tamaa zako, usichukulie vita ile kama vita ya damu.

Sasa geuza upande wa pili. Tilak, mpigania uhuru aliyefungwa na Waingereza gerezani Mandalay kule Burma, akaandika humo humo jela kitabu kinene kabisa kuhusu Gita, akasema hapana, ujumbe ni tenda, inuka, usijifiche kwenye utawa. Halafu anakuja Nathuram Godse, yule aliyempiga Gandhi risasi tarehe 30 Januari 1948. Mahakamani alijitetea kwa kumtaja Arjuna aliyelazimika kuwaua watu anaowaheshimu, na siku ananyongwa, Novemba 1949, gereza la Ambala, siyo mbali na Kurukshetra yenyewe, alikwenda kwenye kitanzi na Gita mkononi. Aliyeuawa anaiita Gita mama yake, aliyeua anaibeba mpaka dakika ya mwisho.

Kwa hiyo jibu langu fupi, ndiyo, kwa maandishi yenyewe Krishna anamwambia simama upigane, na mimi tafsiri ya Gandhi naipenda lakini siwezi kudanganya kwamba ndiyo inayotoka moja kwa moja kwenye aya, Gandhi ameivuta. Ila na Godse naye karuka mengi. Sura ya 16 inataja milango mitatu ya kuzimu: tamaa, hasira na uroho. Sura ya 12 inamsifu mtu asiyemchukia kiumbe yeyote, ambaye dunia haimuogopi na yeye haiogopi dunia. Krishna hakusema chukia. Alisema pigana bila chuki na bila kuutaka ushindi kwa ajili yako, kitu ambacho kwa binadamu wa kawaida ni karibu na hakiwezekani, na mtu anayekwambia yeye anakiweza mkimbie.

Dada wa Kinondoni, wewe ndio nakuja kwako sasa. Ile aya ya 2:47 ina vipande vinne, na watu wanakula viwili vya mwanzo tu. Kwanza, haki yako ipo kwenye kazi. Pili, siyo kwenye matunda yake. Tatu, usifanye tunda liwe ndio sababu ya kufanya. Nne, na hiki ndicho kinachoachwa, wala usishikamane na kutofanya kitu. Yaani ule utamu wa kusema "namwachia Mungu" halafu unalala, Gita imeshaufunga mlango pale pale. Bosi mkorofi hajazungumziwa, ila jaribu hivi: ripoti unaiandika vizuri kwa sababu ni ripoti yako, siyo kwa sababu unasubiri asifie, na asiposifia jioni yako haijaharibika. Mshahara unadai kama kawaida, asikudanganye mtu kwamba Gita inasema ufanye kazi bure, waajiri wengine wanaipenda hiyo tafsiri.

Halafu kuna 2:62 na 63, mimi hizi ndio naziona roho ya kitabu chote kwa maisha ya kawaida. Zinakwenda kama mnyororo: unakaa unakiwaza kitu, kukiwaza kunaleta kushikamana nacho, kushikamana kunazaa tamaa, tamaa ikizuiwa inazaa hasira, hasira inaleta kuchanganyikiwa, ukichanganyikiwa unasahau ulichokuwa unakijua, ukisahau akili inaharibika, akili ikiharibika umekwisha. Hebu ifuatilieni kwenye jambo lolote. Mtu uliyesoma naye chuo kanunua gari, usiku uko na simu unapekua picha zake, wiki ya tatu una hasira na mke wako ambaye gari lile hata halijui. Gita haikwambii uanze kupambana kwenye hasira, pale ushachelewa, inakurudisha kule kwenye kukaa unawaza. Aya mbili tu hizo na zimekaa pale miaka elfu mbili na zaidi hivi.

Mwalimu wa Zamu:

Umeeleza vizuri mkuu, niongezee sura ya 6 maana hapo Arjuna anaongea kama sisi. Krishna anamfundisha kukaa, kutuliza akili, kuiweka sehemu moja, Arjuna anamkatisha, anasema hii akili haitulii, ina fujo, ina nguvu, ina ubishi, kuidhibiti naona ni kazi kama kuudhibiti upepo. Na Krishna habishi! Anasema ni kweli kabisa ni ngumu, ila kwa mazoezi na kwa kuachia inawezekana. Mimi nilipenda kwamba hakumwambia imani yako ndogo. Sura hiyo hiyo inasema njia hii siyo ya anayekula sana wala ya anayejinyima kabisa, siyo ya anayelala sana wala ya anayekesha. Wale wa kufunga siku arobaini kwa maji tu wasome hapo.

Na kingine, Gita haina njia moja. Kuna njia ya kutenda, njia ya maarifa, njia ya upendo kwa Mungu. Hiyo ya mwisho ndio iliyowachukua watu wa kawaida, sura ya 9 Krishna anasema mtu akinipa kwa upendo jani, ua, tunda au maji, napokea. Maji wakuu, hata maskini anayo. Wanafalsafa wakubwa kama Shankara na Ramanuja kila mmoja akavutia njia yake kuwa ndiyo kuu, na kila mmoja ana aya za kujitetea.

Kijana wa Likoni:

Na ile ya bomu la atomiki? Nimesikia jamaa aliyelitengeneza alisema maneno ya Gita.

Mwalimu wa Zamu:

Ni kweli, Oppenheimer. Alijifunza Kisanskriti Berkeley kwa Profesa Arthur Ryder, kwa hiyo hakuokota juu juu. Miaka baadae akieleza lile jaribio la Julai 1945 kule New Mexico alisema ulimjia akilini mstari wa sura ya 11. Sura hiyo Arjuna anaomba amuone Krishna alivyo hasa, anapewa macho ya kuonea, anaona umbo lisilo na mwanzo wala mwisho, midomo inawaka moto, wale mashujaa wa pande zote mbili wanaingia humo kama nondo wanavyokimbilia taa. Anauliza wewe ni nani? Anajibiwa, mimi ni Wakati ninayemaliza walimwengu, hawa hata usipopigana wewe hawatabaki. Arjuna anaishiwa pozi, anaanza kuomba msamaha kwa siku zote alizomwita "we Krishna, we rafiki yangu" wakiwa wanacheza, wanakula, wamelala, kumbe hakujua anaongea na nani. Anamuomba arudi kwenye sura yake ya kawaida. Kwangu mimi hiyo ndio sehemu yenye ubinadamu kuliko zote, kamuona Mungu mzima na anachotaka ni arudishiwe rafiki yake.

Mzee wa Kahawa:

Vijana mnasifia tu, hakuna anayegusa matabaka. Nimefanya kazi duka la Muhindi miaka mingi nikiwa kijana, nayajua mambo ya huyu hali na yule, huyu haoi kwa wale. Hiyo Gita si ndio imeandika watu wamegawanywa mafungu manne?

Mpiga Kasia:

Shikamoo mzee wangu, umepiga penyewe na sitazunguka. Ndiyo, 4:13 Krishna anasema mafungu manne nimeyaumba mimi, kwa kufuata hulka na matendo. Watetezi wanashikilia hapo, wanasema umeona, hulka na matendo, siyo kuzaliwa. Ila ukienda sura ya 18 unakuta kila fungu limeandikiwa kazi zake, na la nne, Shudra, kazi yake ni kuwatumikia wengine, halafu inafuata ile aya inayosema heri wajibu wako hata ukiufanya kwa kasoro kuliko wa mwenzako ukiufanya vizuri. Mtu aliyezaliwa kwenye fungu la kufagia vyoo ukimsomea aya hiyo ataisikiaje? Siyo kama wewe mwenye digrii unavyoisikia ukiambiwa "fuata wito wako".

B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India na mwenyewe kazaliwa kwa wale walioitwa wasioguswa, hakuwa na mchezo na hili, aliandika wazi kwamba Gita imeyapa matabaka nguzo ya kifalsafa yakasimamia hapo. Mwaka 1956 akaacha Uhindu akawa Mbuddha pamoja na umati mkubwa wa wafuasi wake pale Nagpur. Mimi naona hoja yake haijajibiwa vya kutosha hadi leo, watu wanaipita kwa haraka wakikimbilia aya za utulivu.

Ila mzee upande wa pili nao upo. Karne ya 13 kule Maharashtra kuna kijana mdogo kabisa, Dnyaneshwar, familia yao ilikuwa imetengwa na Mabrahmin wenzao (fungu la juu, la makuhani), akaichukua Gita iliyokuwa imefungiwa kwenye Kisanskriti akaieleza kwa Kimarathi, lugha ya sokoni na shambani, ili asiyesoma aisikie. Mpaka leo mahujaji wa kule wanakwenda na jina lake kwa miguu. Kwa hiyo kitabu hicho hicho kimefunga watu na kimefungua watu.

Mzee wa Kahawa:

Marahaba. Basi sawa, angalau umekubali. Wazee walisema Baniani mbaya kiatu chake dawa.

Dada wa Kinondoni:

😂😂 mzee umeuaaa. Ila mimi ni Muislamu nauliza kwa nia njema, kusoma hivi vitu si ndio mwanzo wa kupotea?

Mpiga Kasia:

Dada hilo la moyo wako na la shekhe wako, mimi siyo mtu wa kukutolea fatwa mtandaoni. Nachoweza kusema ni kwamba al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu wa karne ya 11, alijifunza Kisanskriti akaandika kitabu kizima kwa Kiarabu kuhusu imani za India, na Gita kainukuu mara kadhaa humo ndani, bila matusi na bila kubadili dini yake. Na Akbar, mfalme wa Wamughali, Waislamu waliotawala India, aliagiza Mahabharata nzima itafsiriwe Kiajemi. Kusoma cha jirani siyo jambo jipya. Na huku kwetu ni majirani kweli, ukipita Mtaa wa Kisutu pale Dar mahekalu yamepangana, na Kenya shule zina somo la dini ya Kihindu kwenye mtaala.

Kama unataka kuanza, usianze sura ya 1, majina ya makamanda yatakuchosha. Anza ya 2, ruka uende ya 6, kisha ya 12 ambayo ni fupi sana, ndio urudi kwenye ya 11. Na ujue kuna nakala zenye maelezo ya mfasiri chini ya kila aya, zile wanazogawa mtaani wale wa kikundi cha Hare Krishna ni za namna hiyo, aya mistari miwili na maelezo ukurasa mzima, kwa hiyo angalia unasoma Krishna au unasoma mwalimu wa kikundi. Sikatazi, nasema uwe unajua.

Na ukifika mwisho tafuta 18:63. Baada ya maneno yote yale, umbo la kutisha, maarifa, kila kitu, Krishna anamwambia Arjuna: nimeshakueleza, yatafakari yote, kisha fanya unavyotaka. Mungu kaongea sura 18 halafu anamwachia mtu uamuzi. Mimi nikiulizwa Gita inafundisha nini naanzia hapo, ndio maana nasema Gandhi na Godse hawawezi kumsingizia Krishna, kila mmoja aliamua mwenyewe.

Kijana wa Likoni:

Haya mkuu umenibana. La mwisho, Arjuna aliishia wapi? Alipigana?

Mpiga Kasia:

Alipigana. Siku 18. Bhishma akaanguka siku ya 10 amejaa mishale ya Arjuna, Drona akauawa kwa kudanganywa kwamba mwanae kafa, na uongo huo aliuthibitisha Yudhishthira, yule yule msema kweli wa ukoo. Kaurava wote mia wakaisha. Pandava wakashinda, ila watoto wao wakachinjwa usingizini usiku baada ya vita, na Yudhishthira akapata kiti cha enzi akiwa hakitaki tena. Utenzi wenyewe hauna shangwe mwishoni, hilo wengi hawaambiwi.

Na kuna kituko kimoja watu hawakijui, kiko kitabu cha 14. Vita imekwisha, ufalme umetulia, Arjuna na Krishna wanatembea wamepumzika, Arjuna anamwambia ndugu yangu, yale uliyonifundisha siku ile kule uwanjani, yamenitoka, nimesahau, hebu nirudie. Krishna akachukizwa kweli, akamwambia umenikera, siwezi kuyarudia yale yote, siku ile nilikuwa kwenye hali nyingine kabisa. Basi akaanza kumpa hadithi za zamani badala yake, na zikaenda ndefu kuliko Gita yenyewe. Inaitwa Anugita. Nikipata nafasi nitaifungulia uzi wake, huu nauacha kwa wenye maswali.